Jicho la Kushoto la Mwanangu

Mwanangu wa kwanza alizaliwa Usenge, kando ya ziwa, miaka ya sitini, na ukungu mweupe katikati ya jicho la kushoto. Mimi niliogopa. Mama mkwe alipiga vigelegele. Baba mkwe wake, marehemu, alikuwa chongo wa jicho hilo hilo.

"Mzee amerudi!"

Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa, basi akapewa, na alama yake haikuguswa. Niliposema tumpeleke hospitali, wifi yangu alinicheka: "Wewe! Unataka kumtoboa Mzee jicho mara ya pili?"

Wanawake tulioanika nao omena, dagaa wa ziwani, kila mmoja namkumbuka kwa jina, walimtania mgongoni mwangu: "Mzee, siku hizi maziwa tu? Chang'aa umeacha?" Mama mkwe alimwekea kichwa cha samaki, sehemu ya mkubwa, hata kabla hajaota meno.

Miaka ya sabini tulihamia Kondele, mjini, mtoto ameshaanza shule. Daktari akasema ukungu unatolewa. Mama mkwe alikuja, akasema, "Sawa. Kama ni yeye, naye atapenda kuona."

Bandeji ilipofunguliwa, jicho lilikuwa jeusi, safi. Tukamshukuru Mungu. Daktari akaziba lile zima, la kulia, kwa kiganja, akamsogeza mama mkwe mbele.

"Huyu nani?"

"Naona mwanga."

"Mtu humwoni?"

"Mwanga tu."

Daktari alitueleza polepole. Jicho limepona, lakini anayeona ni ubongo. Mtoto akiwa mchanga, mwanga ukiingia jichoni, umeme mdogo hupita kwenye nyuzi za mishipa mpaka ubongoni. Nyuzi zinazoleta umeme hupata chakula huko, zikakua, zikashikana. Za jicho lenye ukungu hazikuleta kitu cha maana. Zilikosa chakula, zikanyauka, na za jicho la pili zikakalia nafasi yao.

"Na sasa haziwezi kulishwa?" mama mkwe akauliza.

"Amekuwa mkubwa, Mama. Angeletwa akiwa ananyonya..."

Mama mkwe hakulia. Aliinama, akambeba mgongoni mtoto wa shule, miguu inaning'inia karibu na magoti yake, akatoka naye hivyo, watu wakitazama.

"Dani," mtoto akamwita bibi yake kwa lugha ya kwetu, "nishushe. Njia naiona."

Hakumshusha.