Songwe Mpaka Mpanda ni Saa Moja

Kosa ni langu, ingawa nimelikana kwa miaka miwili sasa. Mama alinipigia simu kutoka Isansa akiwa amechoshwa na maneno ya dada yake, aliyeolewa Mpanda na ambaye kila mwaka huahidiwa kutembelewa na haoni mgeni. Safari hii mama mkubwa alikuwa ametamka wazi: "Usipokuja mwezi huu, hata nikifa usijisumbue." Mama aliogopa kweli. Mimi, nikiwa dukani kwangu Tunduma, nikataka kuonyesha ujuzi. Nikafungua tovuti moja inayopima umbali kati ya viwanja vya ndege, nikaandika Songwe, nikaandika Mpanda.

"Mama, kwa ndege ni saa moja."

Nilimaanisha muda wa kuwa angani. Tovuti haikujali kama ndege yenyewe ipo. Ilichora mstari tu juu ya milima, na mimi nikauamini.

Alhamisi jioni mama akabisha hodi kwangu, begi kichwani, viatu vipya visivyo na kamba kwa sababu alisikia uwanjani huvuliwa.

"Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Usinicheleweshe, rubani hangoji mtu."

Nilicheka peke yangu. Alishamwambia dada yake. Alishawaambia akina mama wa kwaya, wakamwombea rubani. Nikamweleza taratibu kwamba hakuna ndege ya kutoka Songwe kwenda Mpanda, labda azungukie Dar es Salaam.

"Si ulisema saa moja?"

"Nilisema inachukua saa moja, mama."

"Inachukuaje, na haipo?"

Nikachukua simu nimweleze mama mkubwa mwenyewe.

Simu ya mama mkubwa ikawa haipatikani. Alfajiri tukapanda basi, na foleni ya malori ikatubana kabla hatujatoka mjini. Saa mbili hatujafika hata Laela, mama akatangaza kwa sauti: "Sasa hivi tungekuwa tunakunywa chai kwa dada." Sumbawanga akatangaza tena kwamba tungekuwa tumeshapumzika mchana. Mzee wa kiti cha mbele akamwuliza hiyo ndege ni ya kampuni gani.

"Ya huyu mwanangu," akasema, na basi zima likanigeukia. Nilitamani kuingia chini ya kiti.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Mlango wa mama mkubwa ulikuwa na kufuli. Jirani akatuambia, "Yuko uwanja wa ndege tangu asubuhi. Anampokea mdogo wake." Hapo utani wote uliniisha. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Bajaji ikatukimbiza. Tulimkuta nje ya uzio na gauni lake la kanisani, kwenye kiti alichoazimwa na mlinzi. Mama akapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Mama mkubwa akageuza uso kwenye uzio.

"Shikamoo, dada," akarudia.

Mama mkubwa akaitazama bajaji, akamtazama mama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwani, kisha akainua macho angani kidogo.

"Siku nzima shingo yangu iko juu," akasema, "kumbe ninyi mnakuja kwa chini."

Midomo ikaanza kumcheza. Akamshika mama mabega, akamwinua.

"Marahaba, mdogo wangu. Marahaba."