Kibao Changu Kule Suji

Nilitumiwa picha ya jengo langu likiwa limepanda, na mimi mkandarasi wake nilikuwa sijagusa tofali.

Namba ngeni. Salamu hakuna. Picha tu.

Ilikuwa zahanati ya kijiji, kule juu Suji. Niliacha kuta zikiwa usawa wa kiuno, baada ya masika kukata barabara na malori ya saruji kushindwa kupanda. Nikapata kazi nyingine Lembeni, nikajisahaulisha.

Sasa kwenye picha ukuta umepita kichwa, na umepinda vibaya. Mbele yake kibao cha saiti kimepigwa rangi mpya, jina langu linasomeka toka mbali.

Wakuu, nilichanganyikiwa.

Mkandarasi kabla hajarudi saiti iliyolala anapiga hesabu. Nondo zimeliwa na kutu kiasi gani, msingi uko salama, gari litafika? Mimi nilishapiga, nikaona hairudiwi. Ila aibu sikuiweka kwenye hesabu.

Kesho yake nilipanda na pikipiki, nimefura.

Pale saiti nikamkuta mama Ernesta, mama mzazi wa mke wangu, amekalia tofali anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umefika upesi. Si ulisema barabara haipitiki?"

Nikaugeukia ukuta. "Mama, nani kajenga huu?"

"Sisi. Pembe ilipigwa, tukatoka msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima."

"Umepinda. Utaua watu."

"Hauui mtu. Hebu sukuma."

Nikasukuma. Tofali za juu zikaporomoka upande wa pili. Saruji hata kijiko hakuna, tope tupu.

"Tunaubomoa leo," akasema. "Tulitaka uje tu. Shemeji yako Blandina alishushwa kwa machela, akajifungulia njiani, kwenye matope. Mungu tu aliwaokoa. Na masika mengine hayo yanakuja."

Hapo hasira zote ziliniisha. Niliona aibu, na safari hii haikuwa ya picha.

"Na picha nani alinitumia?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa simu mpya.

"Mimi. Nilikuwa najifunza."

Mkwe huyo. Ungegombana naye wewe?

Jioni hiyohiyo nikawapigia mafundi wangu. Masika yalipoingia, zahanati ilikuwa na bati na kitanda cha kujifungulia.

Funzo? Ukikimbia saiti, kimbia na kibao chako. Na kama huna mpango wa kumaliza ulichoanza, usioe Suji.