Kuni za Susiniemi

Ukiongozwa na Hilkka Vaarala kwenye misitu na maziwa ya hifadhi yetu huku kaskazini kwenye baridi, utarudi kwenu na vitu viwili: malengelenge miguuni na ujuzi wa kuchonga kijiti cha kuwashia moto. Malengelenge yatapona. Kijiti utawaonyesha jirani zako huko mjini mpaka wakuchoke.

Ni kijiti cha msonobari mkavu. Unakichonga kwa kisu bila kukikata, maranda yanajikunja na kubaki yameshika palepale, mpaka kinakuwa kama kuku aliyevimbisha manyoya. Kinashika moto kwa njiti moja ya kiberiti. Katika vibanda vyetu vya nyikani, ambavyo havina mwenyewe wala kufuli, kila anayeondoka hupasua kuni, akazipanga ndani kando ya jiko la chuma, juu yake akaweka kijiti kile na gome la mti, na kiberiti mahali pa kuonekana. Hujui nani anakuja nyuma yako, wala hujui anakuja na mikono ya namna gani. Hii si sheria ya serikali. Tumezaliwa tukaikuta.

Na Hilkka aliisimamia kama askari wa forodha. Hakuna aliyebeba mzigo mgongoni kabla kuni hazijawekwa. Siku moja alimrudisha mchungaji wetu ambaye alishaingia mtumbwini. Mchungaji akasema Mungu atawapa kuni wajao. Hilkka akamjibu, "Ameshawapa, mchungaji. Ziko bandani huko nje, zinakusubiri wewe na msumeno." Mchungaji akashuka, akapasua, na Jumapili yake akahubiri habari za unyenyekevu.

Mimi naitwa Raili. Nina duka hapa Petäjälahti, nauza unga, nyavu, petroli ya boti, na kahawa kwa anayetaka kukaa. Mdomo wangu haujui kupumzika, na kwa kawaida simwombi mtu radhi kwa hilo.

Mwaka ule, mwanzoni mwa Oktoba, Hilkka alikuwa na kundi la mwisho la msimu. Walikuwa watu wa kusini, mmoja wao daktari wa meno aitwaye Lindroos, mtu mrefu mwenye adabu. Upepo ukawakamata kwenye rasi ya Susiniemi. Mahema yakapasuka, wakaingia kibandani, na kwa siku mbili hawakuweza kutia mtumbwi majini. Walichoma kuni zote zilizokuwa ndani wakikausha nguo.

Asubuhi ya tatu ziwa likatulia. Hilkka analijua ziwa lile, akajua utulivu ule hautadumu. Akaanza kuwakimbiza: bebeni, bebeni! Daktari Lindroos alikuwa ameshachukua msumeno ukutani.

"Na kuni, Hilkka? Za wanaokuja?"

"Wanaokuja gani, bwana daktari? Msimu umekwisha. Keshokutwa narudi mwenyewe na boti ya injini, nitajaza mpaka darini. Ingia mtumbwini."

Daktari akauning'iniza msumeno kwenye msumari wake, wakaondoka, na wakafika salama.

Mchana wa siku hiyohiyo upepo ulirudi, safari hii na theluji. Armas Kuivila, mvuvi mjane anayekaa ng'ambo ya ghuba, alikuwa ametoka kwenda kutoa nyavu zake za mwisho kabla ya barafu. Injini ikazimika, wimbi likampindua. Kwa kuogelea na kutambaa kwenye mawe akafika Susiniemi, ameloa mpaka kwenye kola.

Mlango ulifunguka. Kiberiti kilikuwepo. Kando ya jiko hapakuwa na kitu ila vumbi la magome. Alitoka mpaka kwenye banda la magogo, akashika shoka, vidole vimekufa ganzi, likamponyoka. Akalishika kwa viganja viwili kama mtu anayesali, likamponyoka tena. Msumeno ulimwangukia mguuni. Akarudi ndani akakichana kitabu cha wageni kwa meno, akakichoma ukurasa kwa ukurasa. Kitabu kikampa mwanga, joto hakikumpa. Walimkuta asubuhi, watu waliokuwa wakitafuta kulungu wao wa kufugwa, amejiviringisha kwenye godoro, mikono ameifumbata kwapani. Alipona, lakini hospitali ilimkata vidole vilivyokufa kwa baridi, vitatu vya mkono wa kulia na viwili vya kushoto. Nyavu hakuzishika tena.

Kijiji kizima kilijua nani aliyetoka Susiniemi mwisho. Ni mimi niliyemuuliza, juu ya kaunta yangu, watu wakisikia.

"Hilkka, wewe ndiye uliyelala mle. Kuni zilikuwa wapi?"

Alikuwa ameshika pakiti ya hamira. Aliigeuza, akaisoma nyuma, kisha akasema, "Niliwaachia wageni. Mimi nilikuwa napakia mitumbwi. Walisema wameshamaliza."

Basi, ni hayo tu. Tukamwamini papo hapo, kwa sababu ulikuwa uongo tulioutaka. Watu wa kusini, si ndio walivyo? Wanakuja na viatu vya bei mbaya, wanapiga picha machweo, wanamwachia mwenzao jiko baridi. Nilimsimulia kila aliyeingia dukani, na sikuwa bahili wa chumvi.

Hilkka alianza kwenda kwa Armas kila Jumamosi. Ziwa likiwa wazi alipiga makasia, likiganda alikwenda kwa mbao za kutelezea theluji. Alimpasulia kuni za wiki nzima na za sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, akazipanga ukutani kwa unadhifu wa kupendeza, akamwachia na sufuria ya samaki wa kuchemsha. Hakuwahi kukosa, hata alipokuwa na homa. Mwili wake ulipungua. Sauna yake mwenyewe aliiwasha kwa nadra, akisema hana hamu. Sisi tukaona mapenzi.

"Armas," walimwambia wanaume siku moja akinywa kahawa dukani, "huyu mama utamvisha pete lini?"

"Yeye anivishe mimi," Armas akasema, akainua mkono. "Ila kidole achague mwenyewe, vya kuchagua vimebaki vichache."

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hilkka alikwenda kusimama mbele ya friji ya maziwa, akakaa huko muda mrefu kwa mtu ambaye hakununua kitu.

Armas si mtu wa uchungu, lakini kulikuwa na saa zake. Kifungo cha shati kikimshinda, au kamba ya kiatu, alikuwa akisema, "Wale wageni wako, Hilkka. Naomba Mungu nao waupate usiku kama ule, na mikono ikiwa imekufa." Na Hilkka, shoka mkononi, alikuwa akiitikia, "Ndiyo." Ameniambia baadaye kwamba kila Jumamosi alivuka ghuba akiwa na maneno tayari mdomoni, na kila Jumamosi alirudi nayo. Alikuwa anaona aibu ya kosa, kisha aibu ya uongo, kisha aibu ya zile sufuria za samaki. Mzigo wa kwanza angeweza kuutua. Kwa nini hakuutua mapema? Nami namuuliza hivyohivyo mpaka leo.

Kiangazi cha pili baada ya mambo hayo, daktari Lindroos alirudi. Alitaka tena kuongozwa na Hilkka, peke yake safari hii, wiki nzima majini. Aliingia dukani kwangu anacheka, akaagiza kahawa na andazi la iliki. Hilkka alikuwa amekaa dirishani akimsubiri.

Nilimpa kahawa. Andazi nikalirudisha kwenye sinia.

"Maandazi ni ya watu wanaowapasulia wenzao kuni," nikamwambia.

"Sijakuelewa, mama."

"Utaelewaje, na wewe vidole vyako unavyo vyote!" Nikamweleza kuanzia wimbi mpaka hospitali, na sikupunguza sauti.

Akawa mweupe kama unga. Hakuwa amepata habari hata kidogo. Alimtazama Hilkka, mara moja tu. Hilkka alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nikasubiri utetezi, maana watu kama hao hawakosi utetezi.

"Ni kweli," daktari akasema. "Tuliondoka bila kupasua. Msumeno nilikuwa nao mkononi, nikauning'iniza." Akaweka kikombe chini. "Huyo mzee anakaa wapi? Naomba nikamtake radhi."

Sikumsikia akitaja mtu mwingine. Alisema "tuliondoka", kisha akasema "nikauning'iniza", basi. Hapo ndipo mimi, mwenye mdomo wa kukilisha kijiji kizima maneno, nilipogeuka nikaiona shingo ya Hilkka ilivyokuwa nyekundu.

Hilkka akasimama. "Kaa, bwana daktari. Kunywa kahawa yako. Raili, mpe mgeni andazi lake, halafu twende kwa Armas, mimi na wewe. Nikienda peke yangu nitageuza mtumbwi katikati ya ghuba. Nimeshafanya hivyo, siku zisizo Jumamosi."

Daktari nikamwacha barazani na kahawa yake, nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata kwa mazishi. Alipiga makasia vibaya, yeye anayefundisha watu kupiga makasia.

Armas alikuwa kwenye ngazi za nyumba yake akimenya viazi, kila kiazi kimechomekwa kwenye msumari aliougongomea ubaoni ili kisimtoroke.

"Leo si Jumamosi," akasema. "Au mmekuja na posa? Raili ndiye mshenga?"

Hilkka hakukaa. "Armas, si wageni," akasema. "Ni mimi. Mgeni, yule daktari aliye dukani kwa Raili sasa hivi, alishashika msumeno, mimi nikamwambia auache. Nilisema msimu umekwisha, hakuna atakayekuja. Halafu nikamsingizia."

Armas alimaliza kumenya kiazi kile. Akakitoa kwenye msumari, akakitia kwenye maji.

"Kahawa mlikunywa?"

"Nini?"

"Asubuhi ile, kabla hamjaondoka. Mlikunywa kahawa?"

"Tulikunywa."

"Mliiwashia nini?"

"Vipande vya mwisho vilivyokuwa ndani."

Armas akatikisa kichwa taratibu. Nilidhani atapiga kelele, na nilitamani apige.

"Kuni ningezisamehe," akasema. "Mtu ana watu wanne na ziwa linamsubiri, anaharakisha. Hata mimi siku ile nilitoka bila kuiangalia injini. Lakini nimekula samaki wako misimu yote hii, dada. Nimewalaani wale watu mbele yako, nawe ukaniitikia. Nilikuwa na watu wa kuwalaani! Wako mbali huko, sura zao sizijui, nilipoumwa niliwatupia wao nikapata usingizi. Sasa nimlaani nani? Wewe ndiye unayenipasulia kuni."

"Nilaani mimi."

"Siwezi. Nimejaribu sasa hivi, ulipokuwa unaongea. Haitoki." Akachomeka kiazi kingine. "Nenda nyumbani, Hilkka. Mwambie huyo daktari aje."

Daktari alikwenda. Alikaa huko mpaka jua la kiangazi likazunguka upande wa pili wa ghuba, na Armas alimpikia kahawa na kumvusha mwenyewe kwa boti. Walizungumza nini sijui, na safari hii sikuuliza. Mimi nilimwomba daktari radhi kwa lile andazi, na ilinichoma. Dukani kila aliyeingia nilimwambia ukweli, kama nilivyomwambia uongo, ila ukweli haukuwachekesha. Wengine walimtetea Hilkka, wengine waliacha kumsalimia. Yeye hakujitetea kwa upande wowote.

Jumamosi ilipofika alivuka kama kawaida. Mlango wa banda la kuni la Armas ulikuwa na kufuli. Kufuli lile nililiuza mwenyewe siku moja kabla, nikadhani ni la boti. Kwetu hata duka hili halifungwi hivyo, na banda la kuni sijawahi kuliona limefungwa tangu nizaliwe. Hilkka alisimama mbele yake na sufuria mkononi. Armas alikuwa dirishani, wakaonana, na hakuna aliyempungia mwenzake mkono. Sufuria alirudi nayo.

Tangu siku hiyo Armas anajipasulia. Amefunga mpini wa shoka kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda wa ngozi. Sauti inavuka maji vizuri, inafika mpaka jikoni kwa Hilkka: pigo moja, kisha kimya kirefu, mtu anatafuta namna ya kusimamisha gogo, kisha pigo lingine. Wengine huweza kupasua kuni za wiki kwa muda anaotumia yeye kwa kuni za chai.

Juzi nilikuwa kwa Hilkka, theluji imeshaanza, na dirisha la upande wa ghuba liko wazi, mapazia yameganda. Hilkka amekaa na koti.

"Funga dirisha, mwenzangu," nikamwambia. "Adhabu gani hii unajipa? Utaugua."

"Si adhabu," akasema. Pigo likasikika ng'ambo, akangoja kwa kichwa kilichoinama mpaka likaja la pili, ndipo akavuta pumzi. "Shoka likimponyoka, Raili, nani atajua?"