Dumu la Bi Tatu na Chai ya Wakwe

Msinicheke kabla sijamaliza, maana siku ile nikiikumbuka mpaka leo najifunika kanga usoni, na mimi mtu mzima ninayeitwa bibi na nusu ya Mtaa wa Sikukuu.

Walikuwa wanakuja wakwe kumwona mjukuu wangu Zainabu, watu wa Machame, kule bara mlimani, Mzee Rajabu na mkewe Mama Shabani (Shabani ndiye kijana mwenyewe, fundi simu hapa hapa Kariakoo, mpole kama nini). Huyo Mama Shabani alishasema mwanawe haoi mpaka yeye aone kwa macho yake msichana kalelewa nyumba gani. Binti yangu Asha akaniambia, "Mama, wewe umefunga sunna leo, pumzika, chai ipo kwenye chupa." Nikamjibu chai iliyoshinda chupani tangu alfajiri wape mafundi rangi, siyo wakwe, niachieni jiko langu.

Na chai naijua jamani. Shule sikufika mbali, lakini chai kanifundisha mama yangu, Bi Mwanahawa: tangawizi na iliki unatwanga, unatia kwenye maji zichemke mpaka nyumba nzima inukie, ndipo uweke majani, yasikae sana yakawa machungu, maziwa unayaleta mwisho, unafunika, unaiacha itulie (sukari kila mtu ajitilie, usimpangie). Basi nikainua dumu la njano nililolikuta uani, nikamimina sufuriani. Kuonja? Mwenye saumu anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi akatema, lakini mimi na kiburi changu nikasema mkono huu umepika chai tangu Asha hajazaliwa, nionje nini!

Nikawamiminia. Mzee Rajabu akapiga funda, akachungulia ndani ya kikombe kama mtu aliyeangusha kitu humo. Mama Shabani akameza taratibu, macho yakamlowa. Nami nikajua ni utamu huo.

"Vipi, mkwe wangu?"

"Chai hii, bibi... sijapata kunywa chai kama hii."

"Ina siri yake!" nikasema, kichwa kimevimba. "Na Zainabu nimempa yote. Chai hii hii ndiyo atakayompikia mwanenu kila asubuhi mpaka wazeeke."

Mama Shabani akamtazama mumewe. Mzee alikuwa anatia sukari, anakoroga, anatia tena. Nikawaongezea kikombe cha pili bila kuwauliza, na maskini, kwa adabu zao, wakanywa.

Ndipo Bi Tatu, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, akatokea mlangoni, kopo mkononi, hata hodi hakupiga. "Nani kachukua dumu langu la maji ya chooni? Nimeyachota kisimani mwenyewe, yale ya chumvi, nafika pale hata tone hakuna!"

Asha akatazama dari. Zainabu akakimbilia chumbani kwangu analia, kisha akarudi anakokota dumu jingine la njano, letu, la maji matamu ya kunywa, ambalo mwenyewe alikuwa amelificha uvunguni asubuhi wapangaji wasilichote.

"Kumbe!" Mama Shabani akashika kifua. "Mie nikadhani ndiyo chai ya watu wa pwani! Namwaza mwanangu, chumvi kila asubuhi, presha itamuua! Hapa nilikuwa natafuta neno la kukataa bila kuwaudhi."

"Mimi ningeivumilia," akasema Mzee Rajabu. "Mtoto mwenyewe mzuri."

Akaanza yeye kucheka, tukafuata wote, isipokuwa Bi Tatu. "Chekeni. Mimi maji yangu napata, au niendelee kujibana?"

Nikapika upya, safari hii nikagusa kwa ulimi, nikatema. Mama Shabani akanywa, akasogeza kikombe mwenyewe niongeze, na hapo ndipo nilipopumua.

Siku ya harusi alishuka kwenye gari na dumu jipya kabisa, kalifunga utepe, kalijaza maji ya kwao Machame. Akaliweka mbele ya jiko langu, watu wote wanaona: "Bibi, tupikie chai. Maji tumekuja nayo."

Tangu hapo, nina saumu sina saumu, maji nayagusa kwa ulimi kabla sijawasha moto. Na lile dumu lenye utepe nalilaza uvunguni. Bi Tatu kashaliomba, na bado analiomba. Simpi ng'o.