Harusi Moja ya Mfaransa, Harusi Zangu Zote

Yule mwimbaji wa Kifaransa na mimi tumezaliwa mwaka mmoja, na hilo sijamsamehe.

Nilimjua mtandaoni nikiwa sekondari, huku mjini kwetu Sib. Aliimba kwenye harusi ya binamu yake, mtu akamrekodi kwa simu, video ikaenea, kampuni ikamwita. Basi. Harusi moja tu. Mimi nimeimba ngapi? Kumbi za wanawake kuanzia Sib mpaka Matrah zote zinanijua. Lakini kwetu simu zinaachwa mlangoni, kwenye vifuko vyenye namba, maana ndani wanawake wamevua mabuibui na kuachia nywele. Sauti yangu haijapata kuvuka mlango ule.

Yeye akatoa albamu, akatoa nyingine, akatoa nyingine. Nyimbo zake zote nimezishika kwa masikio, maana ya neno moja siijui. Mie nikaolewa, nikazaa. Naye akazaa. Nilifurahi, wallahi. Nikasema khalas, sasa tuko sawa. Mwaka haujesha, karudi jukwaani, mumewe kambeba mtoto nyuma ya pazia. Watu wanalia kwa furaha. Mume wangu mie alisema mwenye mtoto mchanga hashiki maikrofoni.

Mwezi uliopita aliolewa wifi yangu, akaniomba nimwimbie. Mume akakataa. Nikamuuliza atajuaje, na ukumbini haingii? Akasema mamake atamwambia.

Nikaenda na hasira zangu, mtoto begani. Biharusi alipoingia nikaichukua maikrofoni hivyo hivyo, nikaimba wimbo aliorudi nao jukwaani yule Mfaransa. Mtoto akaanza kulia. Nikamwona mavyaa wangu, mamake mume wangu, anakuja moja kwa moja, nikajua yamekwisha.

Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Maliza."

"Na mwanao?"

"Mwanangu hayumo humu."

Nikamaliza. Sijapata kuimba vile. Vigelegele vilinifuata, wanawake wakaniambia huyo Mfaransa haniwezi, nami nikaamini mpaka nilipofika mlangoni. Nikapewa kifuko changu, nikafungua simu. Naye alikuwa ameimba siku hiyo hiyo, wimbo ule ule, na dunia nzima imeshautazama. Wa kwangu ulibaki ndani, na wahudumu walikuwa wameshaanza kukunja vitambaa vya meza.