Usifunge Unga na Dawa ya Panya Katoni Moja

Mwaka wa 1988 nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Nakumbuka ile siku kaka yangu Deo, yaani baba yako, alipokutwa amekufa bafuni katika nyumba ya kupanga huko Anderlecht, hapa hapa Brussels. Mwanangu Furaha, hadithi hii unaijua nusu. Nusu iliyobaki nakuandikia kwa sababu ya ile barua yako ya Kiindonesia uliyonisomea jana jikoni kwangu, ukinitafsiria, na kwa sababu bado hujaituma.

Mimi shule niliishia darasa la tano, Bukavu. Sioni haya. Wenye diploma nimewabebea makabati yao ngazi kwa ngazi, na hakuna aliyeniomba cheti. Lakini kalamu niliijua, na ndugu wa Deo huku Brussels nilikuwa mimi peke yangu, donc kazi ya kuwaandikia wakubwa nyumbani ikawa yangu. Kwetu mtu haliliwi hivi hivi. Kwenye kilio lazima waliokuja waelezwe mauti yalianzaje, nani alikuwepo, mwisho ukawaje. Barua yangu ndiyo ingesomwa pale uani, mbele ya watu wote.

Niliandika huku nalia, aya moja tu, toka juu mpaka nyuma ya karatasi. Nikaanza na baridi. Nikasema asubuhi Deo na mama yako waligombana kidogo juu ya kodi. Nikasema mama yako alimpikia sombe, yale majani ya muhogo, kabla ya kwenda kazini, halafu Deo akala, halafu kichwa kikamuuma, halafu akatapika, akaingia kuoga apate nafuu. Nikaeleza mwenye nyumba, polisi, mvua. Chini kabisa, karibu na salamu, ndipo nilipoandika alichosema daktari: kile chombo cha gesi cha kupashia maji kilikuwa kibovu, kinatoa hewa mbaya isiyo na harufu. Hewa hiyo ndiyo iliyomtapisha, na ndiyo iliyomuua.

Msomaji hakufika huko chini. Aliposoma sombe na kutapika, wanawake wakapiga yowe, na barua ikaishia hapo. Wewe umezaliwa huku, lakini neno karuho unalijua, ile sumu ya polepole ambayo kwetu kila mtu anaiogopa na kila mtu anamshuku jirani yake nayo. Ugomvi, sombe, matapishi: nilivilaza nyumba moja, watu wakavihesabu ndugu.

Jibu lilikuja kwa kaseti. Ilikuwa sauti ya baba mkubwa, haina hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Huyo mwanamke hatutamvua matanga. Abaki nayo."

Unajua maana yake. Mjane wa kwetu huvaa nyeusi mpaka wakubwa wa mume wamvue kwa mikono yao. Wasipomvua, basi. Na mama yako wakati huo alikuwa na mimba yako. Niliandika tena, nikaandika tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Watu wakishalia, hawapendi kuambiwa kwamba walimlilia mtu kwa uongo.

Nilikuwa nafanya kazi ya kuhamisha vyombo chini ya Papa Kalonda, mzee wa Lubumbashi, mkali kama pilipili. Siku moja tukifunga vitu vya nyumba fulani mtaa wa Uccle, akaniuliza mbona navunja sahani za watu. Nikamweleza yote, na barua nikamkariria kama nilivyoiandika. Alisikiliza huku mikono yake ikiendelea kufunga.

"Mutoto," akasema, "kama ungepakia hii nyumba vile uliandika ile barua, ningekufukuza leo. Unga na dawa ya panya katoni moja. Mwenye kufungua atawaza nini?"

Nikamjibu kwamba kila nilichoandika kilikuwa kweli.

"Na unga ni wa kweli. Na dawa ya panya ni ya kweli. Nani amekuita muongo? Nimekuita mupumbavu."

Akanivuta mkono mpaka kwenye katoni zake. Vya jikoni na vya jikoni, vya kitandani na vya kitandani, na juu ya kila moja ameandika kwa herufi kubwa kilichomo. Kile ambacho mwenye nyumba atakitafuta kwanza, yeye hukipakia mwisho, ili kitangulie kutoka. Hiyo ndiyo shule yangu ya uandishi. Nyingine sina.

Sasa turudi kwako. Ibu Ratna, yule mama mzee uliyemtunza Uccle mpaka akakata roho, alikufundisha lugha yake, na wanawe huko Semarang, kwao Indonesia, wamekuomba uwaandikie mama yao alikufaje, wasome mbele ya watu siku ya maombi yake. Na wewe umefanya nini? Aya moja. Mwana wa kwanza akapiga simu, wakabishana juu ya kuuza nyumba, halafu mama akakataa kula, halafu akalala, halafu moyo ukasimama. Kwamba moyo ule ulikuwa mgonjwa kwa miaka mingi, hilo umeliweka chini, karibu na shukrani.

Nilikuuliza wakati wa kusoma nani atakuwa amekaa mbele. Ukasema ni huyo mwana wa kwanza. Kisha ukaniambia, "Lakini Papa mudogo, kila kitu nimeandika ni kweli." Uliona niliacha chai yangu. Sasa unajua kwa nini.

Kiindonesia sikijui. Lakini uliniambia wao huita sentensi ya kwanza yenye kubeba aya *kalimat utama*, sentensi kuu, na zinazofuata kazi yao ni kuieleza hiyo tu. Alors, hilo ndilo jina juu ya katoni. Shika hapo. Ugonjwa wa moyo uwe aya ya kwanza, na sentensi yake kuu iseme wazi kilichomuua. Siku yake ya mwisho iwe aya yake. Simu usiifiche, kuficha ni uongo. Ipe aya yake peke yake, useme, kama ulivyoniambia mimi, kwamba walikuwa wakibishana hivyo kila Jumapili na mama alikuwa akicheka baadaye. Na hilo neno lenu *lalu*, yaani halafu, lipunguze. Sikio la mfiwa likisikia "halafu", linaelewa "kwa sababu".

Wakubwa walipokwisha wote na mimi kuwa mkubwa, nilikwenda kumvua mama yako matanga. Akaniambia, "Shemeji, nimezeeka nayo. Ukinivua leo, nitamwonyesha nani?" Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na wasomaji wanaofika mwisho. Asikupe kaseti kama ile.

Leo nina nyumba Laeken, imelipwa. Nina malori mawili na ngazi ya mota ya kupandishia vyombo dirishani. Nina kaburi la kaka yangu, ambalo nalitunza mwenyewe. Na katika kabati langu nina kile kitambaa cheusi, ambacho wamama wa kanisa walimvua mama yako siku walipomwosha kabla ya maziko.