Ski Zilizonizidi Kimo

Euro mia sita na ishirini, vifungo vya buti vikiwemo, na muuzaji hashuki tena hapo. Nimejaribu mara mbili. Ski ndefu na fupi bei moja. Duka liko hapa Brussels, barabara ya chaussée d'Ixelles, nami, rafiki yangu, ninakuandikia kutoka kwenye benchi lao la kujaribia buti. Ski zangu za zamani kingo zimelika. Nataka jozi moja inayoweza yote: njia zilizolainishwa na mashine asubuhi, theluji ya unga pembeni, na ile iliyoganda jioni. Upana tumekubaliana. Kilichobaki ni urefu. Muuzaji anasema mtu anayeteleza vizuri kama mimi achukue ndefu, kwani zinatulia kwenye mwendo. Akazisimamisha kando yangu. Ncha zikanipita kichwa, nami nikarudi darasa la nne.

Enzi hizo tulikaa mtaa wa Etterbeek, ghorofa ya tatu, kwenye ngazi zilizonukia sombe, kisamvu cha mama, kila Jumapili. Shule ilipeleka darasa zima milimani kwa wiki moja: masomo asubuhi, kuteleza thelujini kwa ski mchana. Kukodi ski kulilipiwa kando. Mama, aliyejifunza kununua katika masoko ya Lubumbashi, aliposikia habari za kukodi alinuna. Kulipia kitu halafu ukirudishe? Tukashuka kwa jirani wa chini, mzee wa kutoka Likasi ambaye watoto wake walishakua. Stoo yake ilikuwa na jozi mbili: moja ilinifika kidevuni, nyingine ilinipita kwa kiganja kizima.

"Zote ni trente," jirani alisema, yaani thelathini kila jozi.

"Bei moja, ya mufupi na ya murefu?" Mama akazitazama upya. "Alors, basi ya mufupi ni hasara, papa."

"Maman, hii haiko suruali. Hauwezi kuipinda chini."

"Mutoto eko anakomea, atarefuka. Vingt-cinq, na fimbo zake." Jirani akakubali ishirini na tano, tukapanda na zile ndefu.

Ndivyo tulivyovikwa sisi watoto sote: koti la miaka miwili ijayo, viatu vya kuvaliwa na soksi tatu. Jioni ile mama alizipaka ski nta ya mshumaa, akazipitishia pasi, nyumba nzima ikanukia kanisa. Nilijiona tajiri.

Mlimani, mwalimu alitufundisha kukutanisha ncha za mbele na kutanua visigino ili kupunguza mwendo. Ski za wenzangu zilitii. Zangu zilipandana, zikaachana, kisha zikanyooka kama zinazojua zinakokwenda. Niliwapita wote, na mwalimu pia. Chini kulikuwa na misonobari. Hadi leo nausikia ule mlio wa chuma juu ya barafu, kama kisu kinachokwangua sahani, na upepo ulionijaa mdomoni nikashindwa hata kulia.

"Kaa chini! Kaa!" mwalimu alipiga kelele huko nyuma.

Nikakaa. Wavu wa rangi ya machungwa ulinidaka nikiwa karibu na mti kiasi cha kuuona utomvu wake. Nilikuwa nimejikojolea, na kwa dakika chache hilo ndilo joto pekee nililokuwa nalo.

Nilipomsimulia mama, alinikagua mikono, miguu, mbavu, kisha akaanza tena mwanzo. Bukari, ugali wetu, ikapoa mezani. "Mwaka kesho zitakuenea," akasema. Lakini asubuhi yake alizibeba mwenyewe akashuka nazo, na jirani akamrudishia pesa zake zote, muujiza ambao sijauona tena Brussels.

Jirani amefariki. Mama anakaa kwa dada yangu, mtaa wa Koekelberg, na ngazi zile sasa hazinuki kitu. Kuteleza nilikuja kujifunza ukubwani, kwa ski za kukodi, na kila mwaka kwenye mteremko wa kwanza bado natafuta kwa macho mahali pa kukaa. Nguo ninazonunua zinanienea siku ile ile. Hakuna tena anayenitazama akaona mtu mrefu kuliko huyu.

Muuzaji anatazama saa. Wewe umeteleza nyuma yangu miaka yote hii, umeona ninavyokata kona na mahali ninapojikaza. Nijibu kabla hawajafunga, wala usinifurahishe: hizi ndefu nitaziweza?